Jino Likiuma Kijijini: Kuziba au Kung'oa?

Mpenzi msomaji, katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, kifua kikuu na lishe ya watoto. Leo napenda tuzungumze juu ya kinywa. Najua wapo watakaouliza, "Nesi, jino nalo ni ugonjwa wa kuandikiwa?" Naomba kabla ya kufungua ukurasa mwingine usome kwanza habari ya baba mmoja niliyemhudumia.

Baba huyo ni mkulima wa mihogo na mikorosho upande wa Kisarawe. Alipofika kwetu alikuwa ameletwa kwa pikipiki, amekaa katikati ya dereva na shemeji yake. Shavu lilikuwa limevimba mpaka chini ya kidevu na shingoni, homa kali, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza. Kinywa kilifunguka kiasi cha kupitisha kijiko tu. Chanzo cha yote hayo kilikuwa gego moja la chini lililotoboka. Alikaa wodini siku kumi na moja. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini nyumbani mbuzi wawili walikwisha kuuzwa, na shamba halikupaliliwa.

Siku alipoanza kuzungumza vizuri nilimwuliza, kama tunavyowauliza wengi, kwa nini alichelewa kuja. Akanijibu kwa upole, "Mama, sikuchelewa. Nilikwenda zahanati jino lilipoanza. Wakaniambia hapa hakuna wa meno, nenda wilayani. Nikawa nasubiri korosho ziuzwe nipate nauli."

Jibu hilo limenikaa moyoni. Tumezoea kumlaumu mgonjwa kwamba hajali meno yake. Kumbe huyu alijali, na alitafuta msaada kwa wakati wake. Lililokosekana ni mtu wa kumhudumia karibu na kwake.

JINO HUOZAJE?

Watu wengi husema jino linaliwa na mdudu, wakidhani ni funza anayetembea ndani. Hakuna funza. Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hujikusanya juu ya meno na kufanya utando laini unaonata. Tunapokula sukari, navyo hula, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo hulainisha gamba gumu la nje la jino. Kila tunapokula au kunywa kitu chenye sukari, jino hushambuliwa kwa muda wa nusu saa hivi, halafu mate huanza kulitengeneza tena.

Hapo msomaji utaona jambo moja muhimu: licha ya wingi wa sukari, yafaa kuangalia pia ni mara ngapi kwa siku unaila. Mtoto anayekula kashata moja baada ya chakula cha mchana na kumaliza, meno yake hushambuliwa mara moja. Mtoto anayetembea na pakiti ya ubuyu wa sukari tangu asubuhi, akimumunya punje moja moja mpaka jioni, meno yake hayapati nafasi ya kupumzika kabisa.

Zamani huku kwetu Pwani mtoto alikula muhogo, dafu, embe na mabungo. Siku hizi hata duka la mwisho kabisa kijijini, ambalo halina mswaki wa kuuza, lina soda, juisi za paketi, pipi na biskuti. Chupa moja ya soda ina sukari ipatayo vijiko vya chai vinane au tisa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2015 kwamba ingefaa mtu mzima asizidishe vijiko sita hivi kwa siku nzima, pamoja na sukari ya chai.

Tundu huanza kama doa jeupe, kisha la kahawia. Wakati huo haliumi. Likiingia ndani zaidi, maji baridi na vitu vitamu huanza kuuma. Likifika kwenye moyo wa jino, penye mishipa, ndipo mtu hukesha usiku. Baada ya hapo jino huweza kunyamaza, na mtu hufikiri amepona. Si kweli. Mshipa umekufa, na usaha unajitafutia njia mfupani.

NA FIZI JE?

Utando ule ule usipoondolewa hugeuka kuwa mgumu kama chokaa, nao tunauita ukoga. Fizi huvimba na kutoa damu wakati wa kupiga mswaki. Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali hapo, na hivyo kuongeza ugonjwa. Baadaye fizi hushuka, meno hulegea, na mtu mwenye afya njema huanza kupoteza meno yasiyo na hata tundu moja.

Aidha, kinywa hakikutengwa na mwili. Mgonjwa wa kisukari hupata ugonjwa wa fizi kwa urahisi, na fizi zilizooza hufanya sukari yake iwe ngumu kudhibitiwa. Mama mjamzito fizi zake huvimba haraka kwa sababu ya mabadiliko ya mwili. Mwenye upungufu wa kinga huweza kuonyesha dalili za kwanza kinywani, kama utando mweupe ulimini. Wavutaji wa sigara na wanaotafuna tambuu na tumbaku wamo katika hatari ya saratani ya kinywa, na pombe huzidisha hatari hiyo. Kidonda chochote cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili hadi tatu, hata kama hakiumi, kionyeshwe hospitali. Vivyo hivyo uvimbe wa taya unaokua polepole bila maumivu. Wengi huungojea miaka mingi kwa sababu hauwasumbui, mpaka unapofikia ukubwa wa kuwapotosha sura.

WILAYA MBILI, MENO YALE YALE

Wengi wetu tunakaa Kibaha au Kisarawe. Hebu tuziangalie wilaya hizi mbili.

Kibaha imekaa juu ya barabara kuu ya Morogoro. Mwaka 1963 nchi za Denmaki, Finlandi, Norwe na Uswidi zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha pale kituo cha elimu, kilimo na afya, ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa serikali yetu na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani, chimbuko lake ni hapo. Mtu wa Maili Moja akiumwa jino hupanda daladala na kufika. Lakini mtu wa Magindu ni wa Kibaha pia, na kwake Tumbi si jirani.

Kisarawe nayo mji wake uko kwenye vilima vya Pugu, karibu sana na Dar es Salaam. Ukisimama hapo huwezi kudhani kwamba wilaya hiyo hiyo inakwenda Maneromango, ikaendelea mpaka Vikumburu na Mafizi, mahali ambapo mvua za masika zikikolea, safari ya kwenda wilayani huwa ni jambo la kupangwa kwa siku kadhaa.

Kwa mpangilio wa huduma zetu, mgonjwa huanzia zahanati, akapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ya mkoa, na mwisho Muhimbili. Wahudumu wa meno kwa kawaida hupatikana hospitali ya wilaya na katika baadhi ya vituo vya afya. Zahanati nyingi hazina. Maana yake ni kwamba mwenye jino bovu aliye mbali hulipa kwanza nauli, na kupoteza siku ya kazi, kabla hajalipa chochote cha matibabu. Akitakiwa kurudi mara ya pili na ya tatu, hawezi. Ndiyo sababu akifika husema neno moja tu: "Ng'oa." Na mhudumu naye, akijua kwamba mtu huyu hatarudi, hung'oa. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, hata kung'oa kulisimama kwa majuma, kwa kuwa sindano za ganzi zilikuwa zimekwisha.

Mfanyakazi wa mjini mwenye bima, akiwa na tundu kama lile lile, huzibiwa katika muda wa saa moja na kurudi ofisini. Miaka ishirini baadaye mmoja bado anatafuna nyama, na mwingine anaomba alainishiwe ugali kwa mchuzi. Hakuna kati yao aliyezaliwa na meno mabaya. Hali hiyo ndiyo wataalamu wanayoiita kukosekana kwa usawa katika afya: tofauti ambayo haikuletwa na maumbile, na ambayo ingeweza kuondolewa.

Wala si kwetu tu. Mwaka 2022 WHO ilitoa taarifa kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, na kwamba watatu kati ya kila wanne wao wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Wanaoumia zaidi kila mahali ni maskini, wazee, walemavu na watu wa vijijini.

MAMBO YA HATARI TUNAYOFANYIWA NA TUNAYOJIFANYIA

Huduma ikiwa mbali, watu hujitafutia njia. Nimeona walioweka kidonge cha aspirini juu ya ufizi mpaka ukaungua na kuwa mweupe. Nimeona walioweka maji ya betri kwenye tundu la jino. Maji ya betri ni asidi kali. Huunguza ulimi, fizi na koo. Usithubutu.

Lililo baya zaidi ni lile linaloitwa "meno ya nailoni" au "meno ya plastiki". Imani hii ilienea katika mikoa mbalimbali ya nchi yetu, hasa kuanzia miaka ya 1980. Mtoto wa miezi mitano au sita akipata homa na kuharisha, mtu husema ni kwa sababu ya meno mabaya yaliyomo ndani ya ufizi, naye huyachimba kwa wembe, msumari au spoki ya baiskeli. Kinachotolewa ni chembe changa ya jino la kweli la mtoto, kwa kawaida chonge. Mtoto huweza kufa kwa kutokwa damu, kwa pepopunda au kwa sumu kuingia katika damu. Akipona, meno ya ukubwani huweza kuota yameharibika au yasiote kabisa. Na ile homa iliyomleta, ambayo huenda ni malaria, inabaki bila kutibiwa. Akina mama na akina bibi, nawasihi: mtoto mwenye homa na kuharisha apelekwe zahanati siku ile ile. Anayeharisha aendelee kunyonya na apewe maji ya chumvichumvi.

NJIA YA KUZIBA ILIYOANZIA KWETU

Sasa nawapa habari njema, ambayo hata baadhi yetu watumishi wa afya hatuifahamu. Tulipokuwa chuoni miaka ya 1990 mambo ya kinywa tuliyapitia kwa haraka sana, na hili sikulisikia mpaka baadaye.

Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken, na wenzake wa chuo cha udaktari wa meno cha Dar es Salaam, walikabiliwa na shida hii hii ya vijiji visivyo na umeme wala mashine. Wakajaribu kuondoa uozo wa jino kwa vyombo vya mkono tu, kisha kuziba tundu kwa saruji maalum ya meno. Kazi hiyo ya mwanzo ilifanyika hapa Tanzania, na baadaye ikafanyiwa utafiti Thailand na Zimbabwe. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa, WHO iliitangaza njia hiyo kwa mataifa.

Hufanywa hivi: mgonjwa hulala hata juu ya meza ya kawaida. Mhudumu husafisha tundu kwa vijiko vidogo vya chuma, akaondoa sehemu laini iliyooza. Mara nyingi hakuna haja ya sindano. Kisha hujaza saruji, ambayo hushikamana na jino na kutoa polepole madini ya floraidi yanayoliimarisha. Haihitaji umeme wala mashine ya kutoboa. Njia hii hufaa zaidi kwa tundu dogo ambalo halijafika kwenye mishipa. Mwaka 2021 WHO iliiingiza saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kuziba meno ni anasa ya mjini. Yule baba wa mikorosho, kama siku ile ya kwanza angekutana na mtu mwenye vyombo vile na saruji ile, huenda angerudi nyumbani kwake kwa miguu na jino lake.

TUFANYE NINI?

Nyumbani:

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala. Ule wa usiku usikose, maana mate hupungua tunapolala. Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Soma maandishi kwenye pakiti. Ukimaliza tema povu, lakini usisukutue kwa maji mengi.

2. Mtoto aanze kupigwa mswaki jino la kwanza linapoota. Chini ya miaka mitatu dawa iwe kiasi cha punje ya mchele, na kutoka miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere. Mzazi amsimamie.

3. Mtoto asilale na chupa ya uji, chai au maziwa yenye sukari mdomoni.

4. Pipi, soda na ubuyu viliwe pamoja na mlo, si kutwa nzima. Kiu ya kila siku ikatwe kwa maji.

5. Kila mmoja awe na mswaki wake. Kuazimana mswaki ni kuazimana magonjwa.

6. Angalia gego la kwanza la ukubwani. Huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka. Wazazi hudhani ni la utoto, likaoza bila kujaliwa. Hilo likienda halirudi.

Katika jumuiya na vijiji:

Kwenye mikutano ya kijiji na katika kamati za zahanati huwa tunauliza juu ya dawa za malaria na kitanda cha kujifungulia. Tuulize na haya: Mhudumu wa meno hutembelea zahanati yetu lini? Je, anaweza kuja na wale wanaokuja kwa kliniki ya watoto? Hospitali ya wilaya inaziba, au inang'oa tu? Ganzi ipo? Katika Kanda ya Ziwa, shirika moja la Uingereza liitwalo Bridge2Aid liliwafundisha matabibu wa vijijini kutoa huduma ya dharura ya meno, na wengi walisaidiwa karibu na makwao. Jambo lililowezekana kwa wenzetu laweza kufikiriwa na kwetu.

Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Unapojiunga na bima yoyote, uliza waziwazi kama inalipia kuziba jino. Bima inayolipia kung'oa peke yake inatuacha pale pale.

Walimu nao wanaweza kufanya mengi: kuwapigisha watoto mswaki pamoja baada ya chakula cha mchana, na kuwaondoa wauza pipi langoni. Tarehe 20 Machi kila mwaka ni Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, nafasi nzuri ya kumwalika mhudumu wa meno shuleni.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, mswaki wa mti unafaa? Unafaa, ukitafunwa ncha mpaka iwe laini na ukapitishwa taratibu kwenye meno yote, nje na ndani. Lakini hauna floraidi, kwa hiyo ni vema kuutumia pamoja na dawa ya meno ukiipata.

Mjamzito aweza kutibiwa meno? Ndiyo. Amwambie mhudumu kwamba ni mjamzito, naye atachagua dawa salama. Miezi ya katikati ndiyo yenye nafuu zaidi kwake, lakini penye usaha asingoje.

Ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro mbona wengine wana meno ya kahawia? Si uchafu. Maji ya baadhi ya sehemu zile yana floraidi nyingi kupita kiasi, nayo huharibu rangi ya meno yanapokua. Tusiwacheke.

Jino limeacha kuuma, bado nije? Njoo. Kunyamaza kwa jino bovu si kupona.

DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Mwenye jino bovu akiona uvimbe unashuka chini ya kidevu au shingoni, akashindwa kufungua kinywa au kumeza mate, ulimi ukainuka, akapata homa kali au pumzi ikawa nzito, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Usaha wa jino ukifika shingoni huweza kuziba njia ya hewa na kumwua mtu mzima mwenye nguvu zake. Hapo usingoje nauli ipatikane taratibu. Majirani wachangishane, pikipiki iitwe.

Mpenzi msomaji, usiku huu kabla ya kulala chukua taa au tochi, uwaangalie watoto wako meno, hasa yale magego ya nyuma. Ukiona doa jeusi au kitundu kisichouma bado, hapo ndipo pa kwenda kwa mhudumu wa meno. Tundu lisilouma huzibwa. Na kikao kijacho cha kijiji kikiitishwa, uende ukaulize juu ya mhudumu wa meno.